Mashua Ngapi Ziliingia Ziwani?

Jumapili ya tarehe 2 Februari 2025 nilikuwa soko la Kibuye, hapa Kisumu, nikimsaidia shangazi kushusha magunia ya omena, simu ilipoanza kutetemeka mfukoni bila kupumzika. Saa mbili asubuhi ilikuwa imepita kidogo. Marekani ilikuwa usiku wa manane, na habari ilikuwa moja tu: timu ya kikapu ya Dallas imemtoa nyota wake Luka Dončić, anakwenda Lakers ya Los Angeles, na Anthony Davis wa Lakers anaelekea Dallas. Baadhi ya wenzangu waliapa kwamba akaunti ya mwandishi aliyeitoa habari hiyo imedukuliwa. Ilipothibitika, kundi letu la WhatsApp likawaka. Sisi ni watu kumi na wawili wenye ligi moja ya fantasi ya mpira wa kikapu, yaani kila mtu anaunda kikosi cha kufikirika cha wachezaji halisi wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na tunashindana kwa takwimu zao: kuna fundi wa simu wa Kondele, mwalimu wa Kakamega, muuguzi wa Bungoma, binamu yangu wa Nakuru, na wengine niliosoma nao. Kabla shangazi hajamaliza kupima gorogoro la kwanza, maombi matano ya kubadilishana wachezaji yalikuwa yameshatumwa.

Karibu yote yalimhusu Luka au Davis. Nami naamini hapo ndipo wengi wetu tulipotea. Luka alikuwa nyota Dallas na angebaki nyota Los Angeles. Mabadiliko makubwa yalikuwa pembeni, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama. Lakers walikuwa wamemwachia Davis, mtu wao mrefu wa kutegemewa, na dakika zake zilikuwa lazima zimwendee mtu. Mtu huyo alikuwa Jaxson Hayes, ambaye katika ligi yetu hakuwa na mwenyewe. Siku chache baadaye Lakers wakatangaza kumchukua Mark Williams, mrefu mwingine, kutoka Charlotte, thamani ya Hayes ikazama. Tarehe 8 Februari, kwa saa za kule, mpango huo ukafutwa baada ya Williams kutopita vipimo vya afya, Hayes akapanda tena. Ndani ya juma moja alipanda, akashuka, akapanda, na uwezo wake wa kucheza mpira haukubadilika hata chembe.

Drafti yetu ya msimu wa 2025-26, yaani siku ya kuchagua wachezaji, ilikuwa Oktoba 2025, kabla msimu haujafunguliwa tarehe 21, na ningependa wenzangu, pamoja na yeyote anayecheza ligi ya namna hii, waelewe jambo hilo la Hayes. Thamani ya mchezaji kwenye fantasi huanza kusogea pale nafasi inapoachwa wazi au inapozibwa. Pointi huja baadaye, na sifa huja mwisho kabisa.

Wengi wa hapa kwetu wameingia fantasi kupitia soka la Uingereza, na mazoea yale ndiyo yanayowaponza kwenye kikapu. Kule bei ya mchezaji imeandikwa. Ikipanda unaiona, ikishuka unaiona. Kwenye ligi yetu hakuna bei. Kila mtu huchagua wachezaji wake kwa zamu, na mchezaji mmoja huwa wa mtu mmoja tu. Thamani yake ni kile ambacho mwenzako yuko tayari kukuachia ili ampate. Tena hatuhesabu pointi peke yake. Tunashindana kwa takwimu tisa: pointi, ribaundi (kudaka mpira baada ya mtupo kukosa), asisti (pasi inayozaa pointi), kupora mpira, kuzuia mitupo, mitupo ya pointi tatu, asilimia ya mitupo ya kawaida, asilimia ya mitupo huru, na kupoteza mpira, ambako mwenye idadi ndogo ndiye mshindi. Mtu anayefunga pointi 20 na kufanya kidogo sana kwingineko anaweza kuwa na faida ndogo kuliko anayefunga 11.

Shangazi yangu ameuza omena kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Akienda ufuko wa Dunga alfajiri, haanzi kwa kuuliza bei. Anauliza mashua ngapi ziliingia ziwani jana usiku. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa totoro samaki huifuata taa, na mbalamwezi ikiwaka hutawanyika, mashua nyingi zikabaki ufukweni. Kwa hiyo idadi ya mashua inamwambia bei ya keshokutwa kabla bei yenyewe haijajua. Wanaosubiri kuisikia bei pale Kibuye hununua wakati imeshapanda.

Mashua za kikapu ni dakika. Mchezo wa NBA una dakika 48, na uwanjani kila timu ina watu watano. Zidisha: timu ina dakika 240 za kugawa kila usiku, isipokuwa mechi ikiingia muda wa nyongeza. Haziongezeki kwa sababu kocha ana vipaji vingi, wala hazipungui kwa sababu nyota ameumia. Dakika aliyopewa mmoja imetoka kwa mwingine. Ukilishika hilo, habari ya mchezaji kuuzwa, kuumia au kupumzishwa haiwi tena habari ya mtu mmoja. Inakuwa habari ya wale wawili watatu watakaokula kile alichokiacha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Dyson Daniels, kijana wa Australia. Msimu wa 2023-24 alikuwa New Orleans, akicheza dakika 22 kwa mchezo na kufunga wastani wa pointi 5.8. Kwenye ligi nyingi za fantasi hakuna aliyemtaka. Lakini katika dakika hizo 22 alikuwa akipora mpira mara 1.4. Chukua karatasi. Mtu anayepora mara 1.4 kwa dakika 22, ukimpa dakika 34 atafika kama 2.2, bila kujifunza chochote kipya. Sasa kumbuka kwamba msimu huohuo aliyeongoza NBA nzima kwa kupora mpira, De'Aaron Fox, alikuwa na wastani wa 2.0. Kwa maneno mengine, kwenye benchi la New Orleans palikuwa na mtu ambaye kwa kiwango chake cha kila dakika angeweza kuongoza ligi yote, ila hakuwa na dakika.

Kiangazi cha 2024 akapelekwa Atlanta katika mabadilishano yaliyompeleka Dejounte Murray New Orleans. Murray alikuwa ameacha pengo kubwa pale Atlanta, na Daniels ndiye aliyewekwa humo. Akapata dakika karibu 34. Wastani wake wa kupora mpira ukafika 3.0, kiwango ambacho hakikuwa kimefikiwa tangu Alvin Robertson msimu wa 1990-91. Pointi zake zikapanda hadi 14.1 na akachukua tuzo ya mchezaji aliyeimarika zaidi. Hesabu yangu ya karatasi ingekupa 2.2 tu, hayo mengine ni ya kwake mwenyewe na ya kocha aliyempa kazi ya kumkaba mtu hatari zaidi wa upande wa pili kila usiku. Lakini hata hiyo 2.2 ilitosha kukufanya umchague mapema. Kwenye ligi yetu alichukuliwa raundi za mwisho na muuguzi wa Bungoma, ambaye alikuwa ameangalia nani ameondoka Atlanta. Wengine kumi na mmoja tulikuwa tumeangalia orodha ya wafungaji.

Dakika hazitoshi peke yake. Kuna mtu anayepewa dakika nyingi na kazi ndogo. Lauri Markkanen, msimu wa 2021-22, alikuwa Cleveland akicheza dakika karibu 31, lakini alisimama pembeni na warefu wengine wawili, Jarrett Allen na Evan Mobley, huku mpira ukiwa mikononi mwa Darius Garland. Akafunga 14.8. Kiangazi kilichofuata akapelekwa Utah katika mabadilishano ya Donovan Mitchell. Dakika zake ziliongezeka kidogo tu, kama tatu au nne, lakini sasa timu ilicheza kwa ajili yake. Wastani ukaruka hadi 25.6. Ndiyo maana asubuhi, ninaposoma takwimu, huwa natazama mitupo aliyorusha mtu kabla ya ile iliyoingia. Aliyerusha mitupo kumi ya pointi tatu akaingiza miwili ananivutia kuliko aliyerusha mitano akaingiza yote. Wa kwanza amepewa ruhusa na kocha wake. Wa pili amekuwa na usiku mzuri, na kufikia Alhamisi usiku huo utakuwa umesahaulika.

Utah ileile iliyompandisha Markkanen ndiyo iliyomshusha. Msimu wa 2024-25 wastani wake ulirudi hadi 19.0 na akacheza mechi 47 tu. Sababu si uzee wala mguu peke yake. Kwa kanuni iliyoanza 2019, timu tatu za mwisho kwenye NBA zilikuwa na nafasi sawa, asilimia 14 kila moja, ya kupata chaguo la kwanza la chipukizi. Timu isiyo na matumaini ya kufika mbali ina sababu ya kupoteza, na njia rahisi ya kupoteza ni kumpumzisha nyota wako. Machi 2025 NBA iliitoza Utah faini ya dola 100,000 kwa kuvunja kanuni za ushiriki wa wachezaji, na mchezaji aliyehusika alikuwa Markkanen. Hilo la Machi na Aprili huwaumiza wengi, kwa kuwa ndio wakati wa mtoano wa ligi za fantasi. Mtu ameongoza tangu Oktoba, halafu nyota wake wa timu dhaifu anaketi kando akiwa amevaa koti, na chipukizi asiyejulikana anacheza dakika 35. Naliona jambo hilo kuwa baya kwa mchezo wenyewe. Mtoto anayeamka saa kumi usiku kule Migosi kumtazama mchezaji anayempenda anastahili kumwona akicheza. Lakini kwa kuwa lipo, ni lazima lihesabiwe, na ikifika Februari mimi huanza kuwaachia wenzangu nyota wa timu za mkiani.

Mikal Bridges anafaa kusomwa kama grafu ya bei. Phoenix, mwanzo wa msimu wa 2022-23, alikuwa na wastani wa 17.2, akiwa msaidizi. Februari 2023 akapelekwa Brooklyn, ambako nyota wote walikuwa wameondoka, na katika mechi 27 akafunga wastani wa 26.1. Kiangazi kile watu walimchagua kama nyota wa daraja la juu. Msimu uliofuata akawa na 19.6, mabeki wa timu nyingine walishajua kwamba wa kukabwa ni yeye. Kisha akaenda New York, akawa msaidizi tena, 17.6. Alizunguka akarudi karibu palepale alipoanzia, na sidhani kama kipaji chake kilipungua hata siku moja katika safari hiyo. Kitu kimoja tu hakikuyumba: hadi mwisho wa msimu wa 2024-25 hakuwa amekosa mechi hata moja tangu aingie NBA mwaka 2018. Msimu ule wa kuhama alicheza mechi 83, moja zaidi ya ratiba ya kawaida, kwa kuwa timu zake mbili zilikuwa zimetofautiana kwa idadi ya mechi zilizochezwa. Kwenye fantasi uhai wa namna hiyo una thamani ambayo wastani hauionyeshi.

Hapa ndipo mimi na mwalimu wa Kakamega tunapogombana kila mwaka, na ugomvi wetu ni wa kweli. Mwalimu ni mtu wa Joel Embiid, nyota wa Philadelphia. Msimu wa 2022-23 Embiid alicheza mechi 66, akafunga wastani wa 33.1 na kuwa mchezaji bora wa ligi. Uliofuata, wastani wake ulipanda hadi 34.7, na Januari 22, 2024 alifunga pointi 70 usiku mmoja dhidi ya San Antonio. Ukitazama wastani, utasema amepanda. Lakini goti lilimsumbua, akacheza mechi 39. Zidisha tena: kutoka pointi zaidi ya 2,100 za msimu hadi takriban 1,350. Msimu wa 2024-25 alicheza mechi 19 tu. Wastani humhesabu mtu siku alizokuwepo. Meza yako ya fantasi inamhesabu hata siku asizokuwepo, kwa kukupa sifuri.

Mwalimu ananijibu kwamba ligi yetu haihesabu jumla ya msimu. Tunakutana wawili wawili kila juma, na mshindi anaamuliwa katika majuma matatu ya mwisho. Embiid mmoja mzima katika majuma hayo matatu, anasema, anashinda Bridges wawili. Hoja hiyo ina uzito na sitaki kuipuuza. Katika ligi ya kukutana ana kwa ana, mchezaji dhaifu wa afya lakini wa kutisha akiwa mzima ana thamani kubwa kuliko katika ligi ya kujumlisha. Kosa la mwalimu, kwa maoni yangu, liko kwenye gharama. Anamchukua raundi ya pili, kana kwamba bado ni 2023. Angesubiri raundi ya sita ningempongeza. Jina likishakuwa kubwa huchelewa kushuka. Hata takwimu zikianguka, watu huendelea kulilipia kwa mwaka mmoja au miwili. Shangazi ana wateja wa namna hiyo, wanaolipa zaidi kwa omena wa ufuko fulani uliosifika zamani.

Kuna thamani ambayo haimo ndani ya mchezaji wala timu yake, imo ndani ya kikosi chako. Giannis Antetokounmpo msimu wa 2024-25 alikuwa na wastani wa pointi zaidi ya 30, ribaundi karibu 12, na asilimia 60 ya mitupo ya kawaida. Nani atamkataa? Binamu yangu wa Nakuru alimkataa, akanipa mimi, na hakuwa amekosea. Giannis hurusha mitupo huru zaidi ya kumi kwa mchezo na huingiza kama asilimia 62. Chukua kikosi ambacho wengine wote kwa pamoja hurusha 20 na kuingiza 16, yaani asilimia 80. Mwongeze Giannis na mitupo yake kumi, iingie sita na ushei: umeporomoka hadi asilimia 74, na safu hiyo ya mitupo huru umeshaipoteza juma zima. Binamu alikuwa amejenga kikosi chake kwa wapiga mitupo huru hodari, akiwa na Shai Gilgeous-Alexander ambaye huingiza karibu asilimia 90. Kwake Giannis alikuwa kama maji kwenye maziwa. Mimi nilikuwa nimeshaamua kuiachilia safu hiyo moja na kupigania nane zilizobaki, kwa hiyo udhaifu wake haukunigusa. Mchezaji mmoja, bei mbili, na sisi sote wawili tulifaidika. Mabadilishano ya namna hiyo ndiyo mazuri zaidi, na huhitaji watu waseme wazi wanajenga nini. Ligi nyingi hufa kwa sababu kila mtu anaficha.

Saa zetu nazo zina neno. Wakati wa baridi kali ya Marekani, mechi za saa moja jioni za New York huanza saa tisa usiku kwetu, na za Los Angeles huwa zinaanza watu wakipanga foleni ya matatu kwenda kazini. Taarifa za majeruhi zinatoka tukiwa usingizini. Mtu wa Chicago anaona mchezaji ameumia na dakika hiyohiyo anamchukua mbadala. Sisi tunaamka na kukuta ameshachukuliwa. Ndiyo maana tuliamua ligi yetu iwe ya watu wa huku tu, na kwamba mchezaji asiye na mwenyewe hachukuliwi papo hapo. Maombi yote hufunguliwa saa sita mchana. Tangu tufanye hivyo, anayeshinda ni aliyefikiri, hata kama amelala. Pia hatuwekeani pesa. Nimeona vijana wa mtaani kwetu wakimaliza karo kwenye kamari za michezo, na sitaki hesabu hizi nizipendazo ziwe mlango wa huko.

Ratiba ya juma nitaigusa tu. Timu nyingine hucheza mechi mbili kwa juma, nyingine nne. Mfungaji wa pointi 12 mwenye mechi nne anakuletea 48. Wa pointi 22 mwenye mbili anakuletea 44. Itazame kila Jumapili jioni.

Kwa hiyo daftari langu la drafti ya 2025 halikuanza na majina ya wachezaji. Lilianza na timu zilizoachiwa mapengo. Indiana: Tyrese Haliburton alichanika kano ya kisigino tarehe 22 Juni 2025 katika mchezo wa saba wa fainali na hangecheza msimu mzima wa 2025-26, na Myles Turner alikuwa amehamia Milwaukee. Hizo zilikuwa dakika zaidi ya 60 za kila mchezo zisizo na mwenyewe. Boston: Jayson Tatum alikuwa ameumia vilevile tarehe 12 Mei, Jrue Holiday alikuwa ameenda Portland na Kristaps Porziņģis alikuwa ameenda Atlanta. Hapo zilikuwa zaidi ya 90 kati ya 240. Chini ya kila timu nilichora mistari ya kuandika majina. Michache niliijaza kwa penseli. Mingine niliiacha wazi mpaka nione, katika mechi za maandalizi, kocha anamwinua nani wa kwanza kutoka benchi.